Umechomwa na sindano kazini? Usisubiri kesho

Kama unafanya usafi kliniki, unakusanya taka au ni mhudumu wa afya ya jamii, sindano iliyotumika inaweza kukuambukiza VVU, homa ya ini B au C. Ukichomwa:

• Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilikamue wala kulitia jiki.
• Damu ikikurukia machoni, suuza kwa maji safi mengi.
• Mwambie msimamizi wako, kisha nenda kituo cha afya mara moja. Dawa za PEP za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Ukiwahi zaidi ni bora. Humezwa kila siku kwa siku 28.
• Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B.

Usifiche kwa kuogopa kupoteza kibarua. Saa zikipita hazirudi.