Etiketi isiyofutika mu shamba la mbegu ya muhogo



Tukitembelea shamba la kuzalisha mbegu ya muhogo, swali letu la kwanza ni hili: huu ni muhogo gani? Siku ya kupanda kila mtu anajua. Miezi kumi kiisha, baba anasema ni Sawasawa, mama anasema ni Liyayi, na mulinzi anasema ni "ile ya projeti". Kibao kingali kimesimama, lakini maandiko hakuna tena.

Muhogo ukiwa na majani, mwenye jicho zuri anaweza kutofautisha aina kwa rangi ya kijiti cha jani na rangi ya majani machanga. Ukishakata miti na kuifunga mafungu, aina nyingi zinafanana. Mnunuzi analipia aina inayovumilia mozaiki. Akipata fungu lililochanganyika, ugonjwa utaonekana kwake mbele ya kuvuna, na hatarudi kununua kwenu. SENASEM nayo haiwezi kutoa cheti kwa mbegu isiyojulikana jina.

Tena kuna mambo ya chakula. Muhogo mtamu watoto wanaung'oa na kuula mubichi. Ule muchungu lazima uloweke siku kadhaa na kuukausha vizuri, sababu una sumu ya sianide. Huko Kwango, kula muhogo muchungu usiotayarishwa vizuri kulileta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao munganga Trolli aliuandika mu mwaka 1938. Kwa hiyo kujua aina gani iko mu mustari gani ni kulinda watu wa nyumba pia.

Kinachotuangusha ni wino. Jua linakula wino wa biki na wa marikere, hata ile inayouzwa kama haifutiki. Kreyo ya kawaida inashinda zote mbili, kwani unga wake mweusi jua haliubadilishi. Na maandiko yaliyochimbwa ndani ya chuma yanashinda kreyo.

Sisi tunapenda zaidi kopo ya bia ao ya sukre, ile nyepesi isiyoshikwa na sumaku. Ni aluminiyumu, haili kutu. Kata juu na chini kwa makasi, fungua katikati, osha, kiisha kata vipande vya sentimeta 3 kwa 12. Angalia mikono: kingo zake zinakata kama wembe, kwa hiyo kunja kila upande kidogo na uukandamize kwa kijiko. Weka kipande juu ya kitu laini, kama mpira wa ndani wa baiskeli ao kartoni iliyokunjwa, upande usio na rangi ukiangalia juu. Andika kwa biki iliyokwisha wino, ukikaza mkono. Maandiko yanazama, na ukipitisha kidole unayasikia. Hata matope yakiifunika, unapangusa tu na kusoma.

Kopo ya nyanya ni ya chuma, mvua inaishika kutu. Kipande cha manjanja kinadumu zaidi, lakini herufi zinapigwa kwa musumari na nyundo, kazi ya kuchosha. Tunakiweka kwa kibao kikubwa cha kuingilia shamba. Bidoni ya manjano ya mafuta inafaa ukiikwaruza kwa mchanga kwanza na kuandika kwa kreyo, ila jua linaifanya ivunjike, basi ni ya pepinieri, si ya muhogo. Bidoni iliyobeba dawa ya wadudu musiikate hata kidogo.

Etiketi musiifunge ku muti wenyewe wa muhogo. Waya unaukaba ukinenepa, na siku ya kukata miti etiketi inakwenda nayo. Funga ku kijiti kigumu, ncha ya chini ikiwa imechomwa kidogo ku moto ili muchwa wachelewe. Kipigwe mwanzo wa mustari wa kwanza, upande wa njia, palepale mu kila parseli, ili hata mwenye kuja kusaidia kulima ajue pa kuangalia na jembe lisikiangushe.

Andikeni mambo matatu: jina la aina, tarehe ya kupanda, na mahali mbegu ilitoka. Namba peke yake, kama "P4", inamfaa tu mwenye kuiandika.

Aluminiyumu iko na adui mumoja: watoto, na wanaonunua chuma za zamani. Ndiyo maana siku ileile ya kupanda muchore shamba mu kaye: njia, mto, muti mkubwa, kila parseli na jina lake. Kaye moja ikae kwa sekretere, nyingine kwa mwenye shamba. Na siku ya kukata miti, kila fungu lipewe etiketi mbili, moja inje ku kamba na moja katikati ya miti, kwani ile ya inje ndiyo inayopotea mu kamiyo.