Spora zafichua chotara wa makangaga

Kutoka Buffalo hadi Columbus na Louisville, nchini Marekani, majani ya makangaga huwakanganya hata wataalamu wa mimea. Mwamuzi ni spora, vumbi laini lililo chini ya jani, ambalo umbo lake huonekana kwa hadubini tu. Spora za spishi halisi hulingana. Za chotara aghalabu husinyaa na haziwezi kuota. Kosa hapa si dogo, kwani mmea adimu ukidhaniwa wa kawaida hukosa hifadhi.

Asplenium ebenoides, linalomea Ohio na Kentucky, lilizua ubishi mrefu hadi mwaka 1902, Margaret Slosson alipothibitisha kwa kulizalisha mwenyewe kuwa ni chotara. Hata hivyo, huko Havana Glen, Alabama, chotara hilohilo limepatikana likitoa spora nzima, kwa kuwa kromosomu zake zilijirudufu.