Deni la Kiatu Kilichodondoka Angani

Kiatu hakimtoki mrukaji bila sababu. Ndege ya kituo cha kuruka kwa mwavuli hupanda hadi mita 4,000 hivi, mlango hufunguliwa, na mtu akishajitupa nje haipiti hata robo dakika kabla hajafikia kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, kifua kikielekea ardhini. Anayeshuka kichwa chini hupita kilomita 250. Katika mkao huo upepo humpanda kutoka mabegani, hupita kiunoni na mapajani, na ukifika kisiginoni hukutana na ukingo wa kiatu. Kiatu kilichofungwa kizembe hujaa hewa, kisigino huchomoka, na mguu hubaki na soksi. Tena, kwa kuwa kiatu kitupu hakina uzito wa kuipasua hewa kama mwili wa mtu, hushuka polepole kuliko mwenyewe. Machoni pa aliyevuliwa huonekana kimeruka kwenda juu, nacho ni hatari kwa mwenzake aliye juu yake angani.

Wengine huvuliwa kiatu wakati mwavuli unapofunguka. Mtu aliyekuwa akishuka mita zaidi ya hamsini kwa sekunde hujikuta, ndani ya sekunde chache, anashuka mita tano hivi. Miguu iliyokuwa nyuma hurushwa mbele, na kiatu kilicholegea huendelea na safari peke yake.

Kinachonivutia mimi ni yale yanayotendeka baada ya hapo, ardhini. Katika vituo vikubwa vya mchezo huu, kama Perris huko California, Eloy katika jimbo la Arizona, DeLand huko Florida na Empuriabrava nchini Hispania, kumekua jamii yenye mila zake, salamu zake na namna yake ya kuzika. Humo wamo mafundi bomba, madaktari, wanafunzi na wastaafu, na wakiwa kituoni hakuna anayeuliza kazi ya mwenzake. Jamii hiyo imeamua kwamba kitu kikimtoka mtu angani, hasara si yake peke yake. Kundi zima linahusika, na yeye anakuwa na deni kwa kundi.

Hapo zamani viatu havikuwa rahisi kupotea. Miavuli ya duara iliyotumika hadi miaka ya 1970 ilimshusha mtu kwa kishindo, naye alifundishwa kuanguka kwa ubavu ili kishindo kisambae kuanzia nyayo hadi bega. Vifundo vya miguu vilivunjika mara kwa mara. Basi warukaji wa wakati huo walivaa mabuti mazito yenye soli nene, na yaliyosifiwa kuliko yote yalikuwa yale ya Paraboot kutoka Ufaransa, yaliyofungwa kamba hadi juu ya kifundo. Kisha Domina Jalbert, mtengenezaji wa tiara aliyeishi Florida, alibuni mwaka 1964 bawa la kitambaa linalojazwa hewa na kupaa. Mwavuli wa pembe nne uliotokana na ubunifu huo humwezesha mtu kufunga breki juu kidogo ya nyasi na kutua kama anayeshuka ngazi. Mabuti yakawekwa kando. Watu wakaanza kuruka na raba, wengine na ndala zenye mikanda, wengine miguu mitupu kabisa. Kwa hiyo kupotea kwa viatu ni tunda la usalama: miguu ilipoacha kuogopa ardhi, viatu navyo vikawa vyepesi.

Na si viatu tu. Hupotea miwani, saa za kupimia kimo, glavu, funguo za gari, simu, pete, na siku hizi kamera ndogo zinazobandikwa kwenye kofia ngumu. Kuna picha za video zilizosambaa sana duniani za kamera iliyoanguka kutoka kwenye ndege ya warukaji huko California ikatua kwenye zizi la nguruwe, huku ikiendelea kurekodi hadi nguruwe alipokuja kuitafuna. Watu wengi walifurahia picha zile. Warukaji wazoefu waliona kitu kigumu kilichoporomoka maelfu ya futi, wakawaza ingekuwaje kama pale chini, badala ya nguruwe, angekuwa mtoto. Kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinakataza kuacha chochote kianguke kwa namna ya kuhatarisha watu au mali zilizo ardhini. Mila ya vituo imeichukua kanuni hiyo na kuifanya tabia ya mwili.

Tabia hiyo huanzia kwenye banda la kukunjia miavuli. Kamba za viatu hupigwa fundo mara mbili na ncha zake kuchomekwa ndani. Mwenye mabuti ya kulabu huzifunika kwa utepe wa gundi, kwa sababu kulabu inaweza kunasa kamba ya mwavuli inayofunguka, na hilo ni baya kuliko kupoteza kiatu. Mifuko hufungwa zipu. Halafu, ndani ya ndege, kabla ya mlango kufunguliwa, kila mtu hugusa vipini vya miavuli yake kwa mpangilio uleule, kisha humpa mgongo jirani yake amkague. Jirani huinua kifuniko cha mfuko wa mwavuli, hutazama pini inayoufunga, hukirudisha, hupiga begani mara moja. Asiyekupa mgongo wake akaguliwe hutazamwa kwa wasiwasi, hata awe ameruka mara elfu tano.

Uzito wa ukaguzi huo unajulikana. Aprili 1988, huko North Carolina, mpiga picha mwenye uzoefu wa mamia ya miruko alitoka kwenye ndege kuwarekodi mwalimu na mwanafunzi wake. Alikuwa amebeba vifaa vizito vya kurekodia, na mzigo ule mgongoni huenda ulimpa hisia ya kuwa amekamilika. Mwavuli hakuuvaa. Kumbukumbu ya siku ile imo katika kila kiganja kinachopiga bega ndani ya ndege. Nacho Chama cha Miavuli cha Marekani kinashauri mtu asibebe kamera kabla ya kufikisha miruko 200. Naungana nao kabisa. Kamera huiba akili ya mbebaji kabla haijaanguka.

Sasa deni lenyewe. Kila jambo la mara ya kwanza hulipiwa kreti ya bia: mruko wa kwanza wa peke yako, wa kwanza usiku, wa kwanza kutoka kwenye puto, wa kwanza miguu mitupu, leseni mpya, mwavuli mpya. Mtu akitamka mbele ya wenzake, "Leo nimefanya hivi kwa mara ya kwanza," banda zima huitikia kwa sauti moja: "Bia!" Kupoteza kiatu kumo humo. Mwenye mguu mtupu akichechemea kutoka uwanja wa kutua, hakuna haja ya hukumu, deni linaonekana kwa macho. Mruko wa mia moja una malipo ya namna nyingine, sahani ya krimu usoni mwa mhusika. Na bia haifunguliwi hovyo. Vituo vingi vina taa inayowashwa tu baada ya ndege ya mwisho kutua na rubani kuzima injini, na anayeonja kabla ya taa haruki tena siku hiyo.

Wapo wanaoiona desturi hii kuwa kisingizio cha kulewa. Mimi naiona tofauti. Kreti moja hainyweki na mtu mmoja, kwa hiyo anayelipa lazima akae na wenzake jioni, asimulie kilichotokea, naye asahihishwe. "Ulifunga fundo gani?" "Ulikuwa katika mkao gani kilipotoka?" "Nani alikuwa juu yako?" Mwanafunzi wa wiki ya kwanza husikiliza pembeni, na kesho yake utamwona amekazana na kamba za raba zake. Hiyo ni shule, na karo yake hulipwa na mwenye kosa. Kwa wasiokunywa kilevi, ambao si wachache, kreti ya soda inapokelewa kwa shangwe ileile.

Hasara kubwa zaidi ina sherehe yake. Mwavuli mkuu ukifunguka vibaya, umejisokota au kamba imepita juu yake, mrukaji hana muda wa kubembeleza. Huvuta kipini cha kuutupa, kisha kipini cha mwavuli wa akiba. Kuachana na mwavuli mbovu kumekuwa rahisi tangu Bill Booth alipobuni, katika miaka ya 1970, mfumo wa pete tatu zinazoshikana kwa kupunguza mzigo hatua kwa hatua, kiasi kwamba kikamba chembamba kinazuia uzito wa mtu mzima na kuuachia kwa mvuto mmoja. Kinachobaki angani ni mali nyingi: mwavuli mkuu unaoyumba peke yake, mfuko uliokuwa na mwavuli wa akiba pamoja na kimwavuli chake cha kuvutia, na mara nyingi vipini vyenyewe. Thamani yake yote hufika dola elfu kadhaa.

Hapo ndipo jamii hii huonekana jinsi ilivyo. Mwenzako aliye karibu akiona umeutupa mwavuli, na akiwa na kimo cha kutosha, hugeuza njia na kuufuata. Huuzunguka unavyoelea, hukariri mti ulipoangukia, barabara iliyo jirani, paa la ghala, naye akiweza hutua kando yake shambani, mbali na kituo, apige simu aje achukuliwe. Anapoteza mruko wake kwa ajili ya kitambaa cha mtu mwingine. Mwingine huufuata mfuko, ambao ni mdogo na hupotea upesi kwenye nyasi. Wa tatu hukufuata wewe mwenyewe, ahakikishe umetua mzima, na huyo ndiye wa kwanza kwa daraja.

Ardhini hesabu huanza. Upepo ukivuma kilomita 36 kwa saa, unasogeza kitu mita 10 kila sekunde. Mwavuli mtupu ukielea dakika tatu, utakuwa umesafiri karibu kilomita mbili kutoka ulipoachwa. Wakongwe wa kituo husimama na ramani, huchora mstari kutoka mahali ndege ilipopita, huuliza rubani upepo wa juu ulikuwaje, na kundi hujipanga kuchana shamba kwa mstari, kila mtu hatua chache kutoka kwa mwenzake. Sijui mchezo mwingine ambamo watu ishirini huacha burudani waliyoilipia ili watafute kipini cha mgeni waliyekutana naye asubuhi. Atakayekiona atakumbukwa jioni, na mwenye kukipoteza atakuwa ameongeza deni.

Shamba lina mwenyewe, na hapo desturi ni kali. Hakuingiwi kwenye mahindi au alfalfa bila kubisha hodi kwa mkulima, haukanyagwi mche, halifunguliwi lango la ng'ombe likaachwa wazi. Vituo vimewahi kuingia katika ugomvi mkubwa na majirani kwa sababu ya watu wachache waliopuuza hili. Jirani anayeleta kiatu au mwavuli uliodondokea kwake hupewa ahsante inayoshikika mkononi, na vituo vyenye busara humkaribisha aruke bure na mwalimu.

Kuhusu vipini, kuna mabishano ambayo yanapaswa kwisha. Warukaji wa zamani walijivunia kutua na vipini vyote viwili kifuani, ushahidi kwamba hawakupapatika. Wanafunzi wakaiga. Walimu wengi leo husema vitupwe mara moja mikono ibaki huru, nao wako sahihi, kwani kipini kingine kinanunuliwa.

Aliyeokolewa na mwavuli wa akiba ana deni lisilochanganywa na kreti ya banda. Humtafuta fundi aliyeukunja, mtu ambaye huenda alifanya kazi hiyo miezi kadhaa iliyopita, maana nchini Marekani mwavuli wa akiba lazima ufunguliwe na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haujatumika. Humletea chupa ya kinywaji akipendacho fundi mwenyewe. Fundi hatoi hotuba. Hupokea, huuliza mwavuli ulifunguka vipi, huandika katika kitabu chake.

Kuna kitu kimoja kinachoachwa angani kwa makusudi. Mrukaji akifariki na mwili wake kuchomwa, jambo la kawaida huko, wenzake hupanda na majivu yake, hushikana mikono katika duara wakiwa wanashuka, na mmoja hufungua mfuko. Jina la marehemu huandikwa katika daftari la kila aliyekuwemo kama aliyeruka nao siku hiyo. Sisi tunaozika ardhini tunaweza kushtuka, lakini ni maziko kamili, yenye waombolezaji walioshikana.

Mchezo huu umefika pwani yetu pia. Diani, kusini mwa Mombasa, wageni huruka wakiwa wamefungwa kifuani mwa mwalimu na kutua mchangani. Huko mtu huja moja kwa moja kutoka ufukweni akiwa na kandambili, mkufu shingoni na simu mfukoni, akidhani ataruka hivyohivyo. Mwalimu humvua vyote kwanza: hereni, bangili, kofia, hata sarafu. Miwani hufunikwa kwa miwani mikubwa ya upepo. Wasio na raba za kamba huazimwa au huruka miguu mitupu. Upepo wa kusi au kaskazi unaamua kitu kilichodondoka kitaishia wapi, na chini kuna wavuvi, mama wanaouza madafu na watoto wanaocheza mpira wakati wa maji kupwa. Ningependa vijana wa Ukunda na Msambweni wanaotazama miavuli ile kila wiki wapewe nafasi ya kujifunza kazi hii yote, kuanzia kukunja hadi kufundisha, na kreti ya kwanza watakayonunua iwe ya mruko wao wenyewe.