Ndege wa Uani na Ndege wa Shambani

Mtu apitaye Idsowe, karibu na Garsen, wakati mpunga unapoiva, husikia kelele kabla hajamwona mtu. Juu ya madungu watoto na akina mama hupiga madebe na kurusha madongo kwa makombeo tangu alfajiri mpaka jua lichwe. Kazi hiyo ya kuamia ndege ni ya zamani sana kwa wakulima wa Kipokomo wa bonde la mto Tana, wala hakuna aliyeifanya akaiona nyepesi. Mwenye shamba akichelewa asubuhi moja tu, huenda akakuta masuke yake yamebaki makapi.

Basi mkulima wa Idsowe akiambiwa kwamba katika nchi nyingine, kama vile Uingereza, watu hutoa fedha zao kununua chakula cha kuwalisha ndege wa porini bustanini mwao, hana budi kucheka. Atauliza, "Je, mwizi naye hukaribishwa karamuni?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Jibu lenyewe ni kwamba ndege si wamoja. Wako walao jasho la mkulima, na wako wamsaidiao bila yeye kujua. Njia iliyo rahisi ya kuwapambanua ni kuwatazama uani, wanapokuja kwa amani, wala si shambani, wanapofukuzwa.

ADUI NI NANI?

Adui mkubwa wa mpunga ni kwelea. Ni ndege mdogo asiyezidi sana gramu 20 kwa uzito. Dume lake lina mdomo mwekundu, na wakati wa kuzaa aghalabu uso wake huwa mweusi. Kwelea mmoja hula nafaka kama gramu 10 kwa siku, kiasi ambacho mkulima asingekijali. Lakini kwelea haendi peke yake. Kundi la ndege 1,000,000 laweza kula tani 10 za nafaka katika siku moja, na wataalamu wasema kwamba hakuna ndege wa porini aliye wengi duniani kuliko huyu. Chakula chake cha asili ni mbegu za nyasi. Mbegu hizo zinapokwisha, au zinapoota kwa mvua, ndipo anapoyageukia mashamba ya watu.

Kwa sababu ya hasara hiyo, serikali za Afrika Mashariki zimetumia dawa ya fenthioni, ambayo aghalabu hunyunyizwa kwa ndege za angani mahali kwelea wanapolala. Dawa hiyo huua wengi, lakini haichagui. Kozi na bundi walao kwelea waliokufa hupatwa na sumu hiyo hiyo. Jambo baya zaidi limeonekana katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, ambako watu wengine wametia sumu ya wadudu katika chambo ili kuwaua ndege na kuwauza kama kitoweo. Nyama ya namna hiyo ni hatari kwa mlaji, na waliouawa wengi ni korongo na njiwa, ambao si kwelea hata kidogo. Hayo ndiyo matokeo ya kupiga vita bila kumjua adui.

WAGENI WA KILA SIKU

Mtu akikaa barazani kwake asubuhi kwa muda wa nusu saa tu, ataona mengi. Wa kwanza kuamka ni shore, mwenye kichwa cheusi na rangi ya manjano chini ya mkia. Huyu hupenda papai na embe lililoiva, nao walinzi wachache wa nyumba wampita. Akiona nyoka au paka mtini, hupiga kelele mpaka ndege wote wa jirani wakusanyike. Mwenye nyumba ajuaye sauti hiyo hutazama juu kabla ya kumwacha mtoto acheze chini ya mwembe.

Katika ua la mgomba huja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Rangi za dume hung'aa juani kama hariri. Hunywa utamu wa maua, tena hukamata buibui na wadudu wadogo kwa ajili ya makinda yake. Chini, penye vumbi, hutembea hua na pugi wakiokota mbegu zilizoanguka. Jioni dudumizi hulia katika kichaka kando ya maji, na wengi huichukua sauti yake kuwa ni dalili ya mvua. Iwe ni dalili au sivyo, kazi yake nyingine haina shaka: hula panzi, konokono na panya wadogo.

Mnana ni mgeni wa namna mbili, na yafaa kumtazama kwa makini. Dume hufuma kiota chake kwa nyuzi za majani ya mnazi, mkindu au mahindi, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa ili kumwita jike. Jike hukikagua. Asiporidhika huondoka, na kiota kikikosa mwenyeji kwa siku nyingi dume hukibomoa na kuanza kingine. Ni kweli kwamba mnana hula mpunga. Lakini makinda yake hulishwa wadudu wengi, wakiwamo viwavi na panzi. Kwa hiyo mkulima mwenye busara humwamia mnana shambani wakati wa masuke, wala haangushi viota vyake wakati mwingine wa mwaka.

Usiku huja bundi, ambaye amehukumiwa vibaya kuliko wote. Wengi husema analeta kifo, wakampiga mawe. Kumbe bundi hukamata panya, na panya ndiye alaye mpunga uliokwisha kuvunwa, uliomo ghalani, ambao hakuna mtoto wa kuuamia. Amwuaye bundi anawafungulia panya mlango wa ghala yake.

JINSI YA KUWAKARIBISHA

Katika nchi ya joto kama ya Garsen, kitu kinachowavuta ndege zaidi ya chakula ni maji, hasa wakati wa kiangazi. Chombo chochote kisicho kirefu chafaa: sahani kuukuu ya bati, au kigae cha mtungi uliovunjika. Maji yasizidi kina cha vidole viwili au vitatu, na jiwe liwekwe katikati ili ndege wadogo wapate pa kukanyaga. Chombo kisiwe karibu sana na kichaka, maana paka hujificha humo. Maji yamwagwe kila siku na chombo kisuguliwe. Kufanya hivyo huwaepusha ndege na ugonjwa, na pia huzuia viluwiluwi vya mbu wa malaria visipate nafasi ya kukua.

Kwa chakula, matunda ni bora kuliko nafaka. Kipande cha papai au ndizi iliyoiva sana kikichomekwa katika kijiti cha mti, shore atakiona kabla ya saa chache kupita. Nafaka, kama chenga za mchele au mtama, itupwe kidogo tu, kiasi cha kofi moja, ili isibaki ikaoza au kuwaita panya. Chakula chenye chumvi kisitolewe. Chombo cha ndege wa porini kitengwe mbali na mahali pa kuku, maana njiwa na ndege wengine huweza kuleta kideri, na kideri huweza kumaliza kuku wa ua mzima. Baada ya kusafisha vyombo mtu anawe mikono kwa sabuni.

Tena kuna sharti moja ambalo mkulima wa mpunga hana budi kulishika. Mpunga unapoanza kutia maziwa, nafaka isitupwe uani kabisa mpaka mavuno yaishe. Wakati huo maji na matunda yatosha. Mtu asiyelima aweza kusahau sharti hili, lakini mkulima akilisahau atakuwa anawafundisha ndege njia ya kwenda kwa jirani yake.

Kukaribisha si kufunga. Ndege aliyenaswa kwa ulimbo na kutiwa tunduni hafundishi kitu ila huzuni. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyama wa porini hairuhusu watu kuwakamata na kuwafuga wanyama na ndege wa porini bila kibali. Afadhali mtu apande mti. Mkwaju, mwembe au mpapai mmoja karibu na nyumba huleta ndege wengi kuliko matundu kumi, na matunda hubaki ya mwenye nyumba.

BONDE LINALOJULIKANA MBALI

Watu wa Idsowe hawahitaji kusafiri ili kuona maajabu. Delta ya Tana ni mojawapo ya mahali pachache katika Kenya ambapo korongo, yangeyange na ndege wengine wa maji hukusanyika kwa wingi kutaga pamoja mitini, hasa mto unapofurika vizuri. Yangeyange haohao huonekana wakifuata ng'ombe wa Waorma malishoni, wakiokota panzi wanaorushwa na kwato. Mwaka 2012 Delta hiyo, eneo la hekta 163,600, iliandikwa katika orodha ya mabwawa na maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima, chini ya mapatano yaliyofanywa Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971.

Wako na wageni watokao mbali. Mbayuwayu hufika kutoka Ulaya mwishoni mwa mwaka, wakarudi mwezi wa Machi na Aprili. Ndege mmoja mdogo wa matete, aliyepewa jina la mji wa Basra, huzaa katika mabwawa ya kusini ya Irak, kisha huvuka bahari na jangwa, na Delta ya Tana ni moja ya makao yake ya miezi hiyo. Idadi yake imepungua sana, naye sasa huhesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Matete yakichomwa ovyo au bonde likikauka, hana kwingine kwingi kwa kwenda.

Mtoto wa shule akipewa daftari na kalamu, aweza kuandika kila siku ndege aliowaona uani, saa waliyokuja, na walichokula. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na elimu ambayo hata mgeni mwenye shahada angefurahi kuisoma. Mtoto huyo atakapopanda dunguni wakati wa mavuno, hatarusha dongo kwa kila chenye mabawa. Atamwacha yangeyange apite na mbayuwayu azunguke, maana hao hawagusi suke hata moja. Nguvu za mkono wake ataziweka mpaka aone lile wingu la midomo myekundu likitokea upande wa mbugani, na hapo atajua kwamba kazi imefika.