Bakshishi, Ujira na Hongo: Safari ya Bujumbura hadi Dar es Salaam

Burundi haijapata kuwa na treni ya abiria. Kwa hiyo safari ndefu ya reli, kwa mkazi wa Bujumbura, ilikuwa ikianzia majini. Katika miaka ya 1970 na 1980 meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilipakia abiria katika bandari hiyo na kuwashusha Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Siku hizi wengi hufika Kigoma kwa barabara, lakini swali la msafiri ni lile lile: nani apewe kitu, na lini?

Mpagazi, awe wa bandarini au wa stesheni, haombi bakshishi; anadai ujira. Bei hupatanwa kabla sanduku halijainuliwa, nayo hulipwa mara linapotuliwa. Askari amtwikaye mzigo kisha akaenda zake kwa kutegemea sare, amekula chakula cha watoto wa mwenziwe.

Mhudumu wa behewa hali yake ni nyingine. Yeye ana mshahara, na kutandika kitanda ni kazi yake. Lakini ikiwa usiku wa manane alimtafutia maji ya moto mama mwenye mtoto mgonjwa, noti ndogo apewayo wakati wa kushuka ni shukrani njema. Haina kiwango, wala asiyekuwa nayo hana deni. Muuza asali wa Tabora, aliye chini ya dirisha, alipwe bei waliyopatana, basi.

Liko neno la tatu, nalo ni la kale katika njia hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji iliwalipa watawala wa njiani hongo ili ipite. Hongo ile ilitozwa hadharani. Ya leo hujificha katika jina la "chai". Hutangulia huduma, na hununua haki ya mwingine: kitanda kilichosemwa kimekwisha, au mzigo upite forodhani bila kufunguliwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Askari wa zamu langoni asipokee hata soda.

Noti ndogo zitengwe mapema, zifungwe pindoni mwa kanga, mbali na fedha za nauli. Tena ziwe shilingi: mpagazi wa Kigoma akipewa faranga za Burundi, itambidi amtafute wa kumbadilishia, naye atamkata.