Vimea Vyeupe Kwenye Mchikichi: Vitambue Kabla ya Kushika Shoka

Tangu mwaka 2018 Serikali imehimiza upya kilimo cha michikichi mkoani Kigoma. Kwa mkulima wa Kasulu au Kibondo mwenye michikichi, ni vizuri kujua kinachoota kwenye shina. Mabaki ya makuti hushika vumbi na unyevu, na vimea vidogo hupata makao humo. Mtu anaweza kudhani mti unaugua, akaukata bure.

Kuvumwani mmojawapo anayependa sana mashina ya michikichi katika nchi za joto huitwa kitaalamu Octoblepharum albidum. Mtaalamu Johannes Hedwig alimweleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1801. Mtambue hivi:

1. Rangi: Ni kijani kilichopauka, karibu na cheupe. Majani yake yana chembe tupu za kutunza maji, na chembe za kijani zimejificha katikati.

2. Umbo: Huota kwa vishungi vifupi, kama sentimita 1 hivi. Majani ni membamba kwa upana lakini manene, na huvunjika upesi ukiyabana kwa vidole.

3. Uzazi: Hana maua wala mbegu. Hutoa kikonyo chembamba chenye kifuko kilichosimama wima, ndani yake mna vumbi la uzazi. Ukitumia kioo cha kukuzia utaona meno 8 kwenye mdomo wa kifuko. Ndiyo maana jina lake lina maana ya "kope nane".

Kuvumwani huyu hana mizizi ya kweli. Hujishikiza tu kwa nyuzi ndogo, wala hanyonyi utomvu wa mti. Kiangazi hukauka, na mvua zikirudi huchangamka tena.

Wa kuogopwa ni kuvu aitwaye Ganoderma. Huyu hutokeza chini ya shina kama kirafu kigumu cha kahawia chenye ukingo mweupe, wakati shina linaoza ndani. Makuti ya chini huning'inia, na makuti machanga husimama kama mikuki bila kufunguka. Ukiona hayo, mwite bwana shamba au bibi shamba mara moja.

Mchikichi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Basi tusiuhukumu kwa vimea vya juu ya gome. Tuinamie shina, tutazame, kisha tuamue.