Mtoto akivimba taya, usidhani ni jino tu

NI wazazi wangapi mjini Nakuru, Njoro au Gilgil huona taya la mtoto limevimba na kusema, "Ni jino tu, litapoa"? Mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini wakati mwingine huwa ni saratani, na kila siku inayopita ni hasara.

Kwanza tuujue mwili. Mbali na mishipa ya damu, tunayo mishipa mingine myembamba inayobeba majimaji yaitwayo limfu. Majimaji haya hayasukumwi na moyo. Huenda tunapotembea, tunapopumua na kukaza misuli, kisha hurudi kwenye damu karibu na mtulinga. Njiani hupitia tezi, ambazo ziko mamia: shingoni, kwapani, kinenani na tumboni. Humo chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hupambana na viini vya maradhi. Ndiyo sababu ukiwa na kidonda mguuni, mtoki huvimba kinenani.

Saratani ya damu hutokea askari hao wanapoanza kuzaana ovyo. Wakianzia kwenye uboho na kujaa katika damu, hiyo ni lukemia. Wakivamia tezi, ni limfoma. Mayeloma nayo hukaa kwenye uboho, hula mifupa, na huwapata zaidi wazee.

Limfoma moja ilitambuliwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka wa 1958 kuhusu watoto waliovimba mataya. Mwaka wa 1961 alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini akiwatafuta wagonjwa kama hao. Aligundua kwamba ugonjwa huo uko kwenye joto na mvua, na ni nadra nyanda za juu. Leo tunajua sababu: malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka wa 1964.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Je, tulale usingizi? La! Wengi wetu tuna watoto waliolelewa kwa nyanya zao karibu na Ziwa Victoria, ambako malaria ni jambo la kawaida. Tena limfoma nyingine na lukemia hazichagui mwinuko.

Basi mpeleke mgonjwa hospitali ukiona tezi isiyouma ambayo haijapungua kwa majuma mawili, taya au tumbo linalovimba haraka, meno yanayolegea, jasho jingi usiku, kukonda, kukosa damu, au ufizi unaotoka damu bila sababu.

Jihadhari pia na kifua kikuu, kwani nacho huvimbisha tezi za shingo. Ikiwa mgonjwa anameza dawa za kifua kikuu na uvimbe unazidi, muulize daktari kuhusu kukata kipande cha tezi kipimwe kwa darubini. Hicho ndicho kipimo kinachomaliza ubishi.

Uvimbe wa Burkitt unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini ndio huo huo unaoyeyuka upesi kwa dawa, na watoto wengi wanaowahiwa hupona. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mguse mwanao shingoni leo, msomaji, na ukiona jambo usingoje mwisho wa mwezi.